Mbuga Iliyokataa Namba

Namba ilitoka kumi na moja, na Dkt. Ikupa Mwasongwe akaipiga mashine kibao cha ubavuni kama mtu anayefufua redio mbovu. Ikatoka tena kumi na moja. Akawaomba wale wanawake kumi na wawili wavue mikanda ya kifuani, akaifuta jasho, akawafunga upya, akawasimamisha tena ukingoni mwa mbuga ya chumvi wakiwa wameuelekea weupe ule usio na mwisho. Dakika ishirini, kimya. Kumi na moja na nusu.

Katika miaka kumi na mmoja ya kazi hiyo hakuwahi kupata namba ya chini namna ile kutoka kwa wenyeji wa mahali. Hata dampo la jiji, walipolipima zamani kwa majaribio, lilitoa kumi na tisa.

Kipimo cha Mguso kilikuwa chake. Yeye ndiye aliyekiunda, na asiyemjua kwa sura alimjua kwa mashine. Kabla ya Sheria ya Mandhari, mahali palilindwa kama mkubwa fulani alipapenda. Mlima unaotoka vizuri kwenye picha ulipewa walinzi na bango, na kinamasi kilicholisha vijiji sita kikapelekewa trekta kwa sababu hakikuwa na sura. Ikupa, wakati huo mwanafunzi mwembamba mwenye hasira nyingi kuliko nauli, aliapa kuukomesha upuuzi huo. Akatengeneza mkanda unaosoma mapigo ya moyo, pumzi na unyevu wa ngozi, ili moyo wa mpanda viazi uhesabike sawasawa na moyo wa waziri. Wenyeji kumi na wawili, wageni kumi na wawili, dakika ishirini mbele ya mahali, kisha wastani. Kuanzia sitini, mahali panalindwa. Chini ya sitini, panafunguliwa kwa matumizi. Hakuna kubembeleza, hakuna kujuana. Watu waliiita haki, na yeye aliamini hivyo kwa moyo wote.

Chini ya Mbuga ya Kasunta kulikuwa na maji ya chumvi yenye madini ya betri. Magari ya kuchimba yalikwisha kuegeshwa kwenye barabara kuu, madereva wakicheza bao wakisubiri jibu lake.

Wageni, ambao walikuwa walimu na makarani walioletwa kutoka mjini, walikuwa wamepimwa asubuhi wakatoa ishirini na mbili. Nani angewalaumu? Chumvi iliwachoma macho, harufu ilikuwa ya yai viza, na hapakuwa na mti, kilima wala ndege wa kumnyooshea kidole. Ndipo Dkt. Hizza Shekivuli, mtaalamu wa miamba aliyefuatana na Ikupa safari zote hizo, alipoomba nafasi ya kusema nao kidogo. Akawaambia kwamba wamesimama juu ya ziwa lililokufa kabla mtu yeyote hajafuga ng'ombe. Akawaeleza jinsi lilivyorudi nyuma hatua kwa hatua, na kwamba kila mstari hafifu katika weupe ule ni ukingo wake wa zamani. Hizza alikuwa na sauti ya mhubiri. Wageni walipopimwa tena walitoa arobaini na saba, na mmoja alifuta machozi ambayo hayakutokana na chumvi.

Ikupa aliifuta namba ile palepale. Alimwambia mwenzake kwamba amepima hotuba, hakupima mbuga.

"Mtu asiyejua anachokitazama hakioni," Hizza alisema. "Unadhani nimewadanganya? Nimewafungua macho. Nipe wiki moja nao, nitakupa themanini."

"Na mwenye mradi naye akiomba wiki moja nao?"

Hizza akaenda kutafuta kivuli. Walikuwa wamebishana hivyo tangu nywele zao zikiwa nyeusi. Hizza alishikilia kwamba uzuri wa dunia ni wa anayeijua dunia, na Ikupa alishikilia kwamba moyo hauhitaji cheti. Wote wawili waliupenda ugomvi huo kuliko walivyokuwa tayari kukiri.

Kanuni ilikataza kumwambia shahidi, yaani anayepimwa, namba yake. Lakini Leokadia Sichalwe hakuwa mtu wa kukatazwa na kanuni za wengine. Alikuwa ndiye mkubwa wa wachemsha chumvi wa Kasunta, mwanamke wa miaka arobaini na kitu, viganja vimepasuka kama udongo wa kiangazi, ulimi nao mkali vilevile. Alikuja mpaka mezani akiwa bado na mkanda kifuani, akauliza mashine inasemaje.

Ikupa alijaribu kuzunguka. Alipoona hazunguki popote, alisema tu kwamba mashine inasema hawakuguswa.

Leokadia aliitazama mashine, kisha akamtazama yeye. "Mmetusimamisha pembeni tutazame," alisema. "Nani husimama pembeni akatazama? Sisi hatuitazami, Daktari. Tunaingia."

*

Kesho yake alfajiri Ikupa aliingia nao. Alijiambia kwamba anakwenda kutafuta hitilafu ya mikanda, na ndiyo maana alivaa wake. Ukweli ni kwamba maneno ya yule mama yalikuwa hayajamtoka.

Walivua viatu ukingoni. Kisha hawakuingia. Walisimama mstari mmoja, mikono imelegea, matumbo yamelegea, midomo imefumba. Dakika zilipita. Ikupa alidhani wanasali, akainamisha kichwa kwa heshima, na Leokadia akamnong'oneza kwamba hakuna anayesali. Wanainyamazia mbuga. Gamba la chumvi lina sehemu nene na sehemu nyembamba, na chini ya nyembamba kuna tope lisilorudisha mtu. Kwa macho zote ni nyeupe. Tofauti yake ni sauti tu: nene hujibu kisigino kwa mlio mzito, nyembamba hulia juu kidogo, kama chungu kilichopata ufa. Mlio huo ni mdogo mno, na moyo wako ukienda mbio unaufunika masikioni mwako mwenyewe. Kwa hiyo unasubiri mpaka ushuke.

"Tangu nianze kazi hii wamezama watatu," alisema. "Wote walikuwa wanazungumza. Yule rafiki yako wa miamba anasema vizuri, lakini hapa asingefika neno la tano."

Basi wakaingia. Ikupa aliweka mguu pale alipotoa mguu mwanamke wa mbele, akasikia chini ya kisigino mlio mzito, halafu mwingine, na mwingine. Hakuwa na nafasi ya kuwaza habari ya uzuri. Hakuwa na nafasi ya kuwaza lolote. Baridi ya chumvi ilipanda mpaka kwenye magoti. Upepo ulisimama. Kufikia hatua ya mia hivi alianza kusikia mbali, kulia na kushoto, gamba zima likivunjikavunjika taratibu kwa joto la jua linalochomoza, mlio juu ya mlio, pana kuliko alivyowahi kusikia kitu chochote kuwa pana. Akajikuta hajui mwili wake unaishia wapi. Hakuogopa wala hakufurahi; alikuwapo tu, mzima, bila kubaki kipande.

Mahali fulani Leokadia alichuchumaa, akakwangua gamba kwa kombe, akaweka vumbi kwenye ulimi wake, kisha kwenye ulimi wa Ikupa. Hii bado, ina uchungu nyuma. Wakasogea hatua ishirini. Akakwangua tena. Hii imeiva. Na Ikupa, aliyekula chumvi maisha yake yote bila kuifikiria, aliutambua utofauti huo, akataka kulia kwa jinsi ulivyokuwa wazi.

Waliporudi ukingoni na mizigo ya udongo kichwani, alikwenda moja kwa moja kwenye mashine, akachomeka mkanda wake.

Tisa.

Alikaa chini palepale kwenye mchanga. Mashine yake mwenyewe, aliyoipa usingizi wa ujana wake, ilikuwa inamwambia kwamba saa moja iliyopita hakuhisi kitu. Na yeye alikuwepo.

*

Mkanda haukuwa na hitilafu, na hilo lilikuwa baya kuliko hitilafu. Moyo wa Ikupa ulikuwa umeshuka kutoka sabini na nane mpaka arobaini na sita. Pumzi ilipungua mpaka nne kwa dakika. Mistari ya wale wanawake ilikuwa vivyo hivyo, na sasa alielewa. Walipoambiwa wasimame ukingoni wakiielekea mbuga, wao hawakujua namna nyingine ya kuielekea. Waliinyamazia. Kipimo cha Mguso kilitafuta moyo unaoruka, na kilipokuta moyo unaoshuka kiliandika: uchovu.

Alipanda ndani ya gari, akafunga mlango, akafungua kumbukumbu za zamani. Alianza na za mwaka wa kwanza. Kazi ilimchukua asubuhi nzima, na Hizza alipomletea chai alimkuta ameweka kiganja mdomoni.

Walikuwamo. Mahali arobaini na moja palipoanguka chini ya sitini, na katika kila mahali mistari ya wenyeji ilishuka kwa namna ileile, polepole, pamoja, mpaka chini, ambako mtu aliyechoshwa hafiki kamwe, kwa sababu aliyechoshwa hujikuna, hupiga miayo, huwaza chakula. Warina asali. Wasuka ukindu. Wachunga mbuzi wa mawe meusi. Kila kundi lilikuwa na namna yake ya kutulia mbele ya mahali pake, na hakuna aliyewauliza. Ikupa alikumbuka vizuri kwamba mistari ile iliwahi kumshangaza. Katika mwongozo wa kazi, ukurasa wa thelathini, alikuwa ameandika kwa mkono wake: wenyeji wakionyesha kushuka, ni mazoea, isizingatiwe.

Isizingatiwe. Aliona aibu, aibu ya mwilini, inayochoma masikio. Alikuwa ameahidi kuuhesabu moyo wa mnyonge, na moyo wa mnyonge ulipozungumza kwa lugha yake aliuandikia neno moja akaufunga.

Hizza, ambaye siku zote alikuwa mwepesi wa kutafuta mlango wa nyuma, alipendekeza mashine igeuzwe tu: anayeshuka naye apewe alama. Ikupa alitikisa kichwa. Mtu anayesinzia kanisani naye hushuka. Anayekata tamaa hushuka. Mwenye mradi akijua hivyo atawaleta mashahidi wake wameshiba ugali na maharage, na mbuga yoyote itapata mia. Alisema kosa halikuwa kwenye mshale kuelekea juu au chini. Kosa lilikuwa kudhani upo mshale.

Saa nane mchana alimpigia simu Mkurugenzi wa Baraza la Mandhari, Bwana Chrisant Nswila, akamweleza yote bila kujitetea.

Nswila hakuwa mtu mbaya, na ingekuwa rahisi zaidi kama angekuwa. Alisikiliza mpaka mwisho. Aliuliza maswali ya mtu aliyeelewa. Kisha akasema kwamba yeye kama Mkurugenzi anaruhusiwa kuongeza kigezo kwa mahali pamoja penye mazingira ya pekee. Wakikiita kigezo cha utulivu, Kasunta itapata sitini na nne. Italindwa, magari yataondoka, wale akina mama wataendelea na vyungu vyao. Lakini itakuwa Kasunta peke yake. Zile arobaini na moja zimekwisha kuchimbwa, kukatwa na kujengwa, na kuzifufua ni kuliua Baraza. Kuhusu kusema kwamba chombo ni kibovu, alimkumbusha kifungu cha tisa: mahali pasipo na namba halali hapana ulinzi. Akikikana chombo, Kasunta itabaki bila namba, na magari yataingia siku ileile.

"Huna haja ya kusema uongo wowote," alisema Nswila. "Utathibitisha sitini na nne, basi. Ukikataa, utakuwa umeokoa dhamiri yako kwa mbuga ya watu wengine. Fikiri vizuri, dada yangu. Kikao ni Ijumaa, na Baraza lina vituo kumi na tisa vinavyosubiri kupimwa mwaka huu."

Hilo la mwisho alilisema kama taarifa ya kawaida ya ofisi. Ikupa alilisikia mara mbili: vituo kumi na tisa, na chombo kilekile.

*

Wanawake walikuwa kwenye mabanda ya kuchemshia, moshi umewazunguka, maji ya chumvi yakitiririka kutoka kwenye vichujio vya majani kuingia vyunguni. Ikupa aliwaambia kila kitu akiwa amesimama, kwa sababu aliona hana haki ya kukaa. Aliwaambia habari ya arobaini na moja, ya sitini na nne, ya kifungu cha tisa na ya vituo kumi na tisa. Aliwaambia kwamba mbuga ni yao na amekuja kuwauliza.

Edita, mdogo wao, mwenye mtoto mgongoni na mwiko mkononi, alijibu kabla hajamaliza. Achukue sitini na nne. Hao wa mahali pengine anawaonea huruma, lakini hawajui, na wao wakimezwa na magari hayo hakuna atakayekuja kuwalilia. Wawili watatu waliitikia. Mmoja alisema namba ni namba tu, kama kitambulisho. Unaiweka ndani ya sanduku unaendelea na maisha.

Leokadia alikuwa anapunguza moto. Hakuinua kichwa mpaka alipoumaliza.

"Wewe umekuja tukubebee," alimwambia Ikupa. "Umeunda kitu, kimeua, sasa unataka sisi tuseme ukiue au usikiue, ili likitokea la kutokea useme Kasunta walinituma. Sikutumi. Mdomo ni wako."

Ikupa alikubali kwamba ndivyo. Alisema samahani, na neno lenyewe likamwonekea dogo.

"Lakini umeniuliza, na nitakujibu la kwangu, si la Edita." Leokadia alijifuta majivu kwenye khanga. "Sheria yenu inasema wanarudi kupima kila baada ya miaka mitano, au nimesikia vibaya? Basi. Ukinipa sitini na nne, mwaka wa nne nitaanza kuwaza: je, itafika? Nitawaambia hawa waruke mioyo. Nitamleta yule wa miamba awahubirie. Tutakwenda ukingoni kujifunza kushangaa. Na siku tutakapoweza kushangaa vizuri, tutakuwa tumesahau kusikia, na tutazama mmojammoja, lakini namba yetu itakuwa safi."

Edita alisema hayo ni maneno ya mtu ambaye watoto wake wamekwisha kukua. Leokadia alisema ndiyo, wamekua, wamekua kwa chumvi hii, na hakuna hata mmoja aliyeulizwa kama ni nzuri.

"Mnautafuta uzuri kwa macho kama mnachagua khanga dukani," aliendelea, sasa bila ukali. "Hii naipenda, hii naiacha. Kasunta haikuwekwa pale ili nipendezwe nayo. Ipo tu. Mimi ndiye ninayekwenda kwake, na ninakwenda kwa adabu. Kama hilo halitoshi kuilinda, basi sheria yenu ndiyo isiyotosha. Magari yakija, yatanikuta ndani. Sitakuwa ukingoni."

Waligawanyika vibaya. Edita alimwambia Ikupa waziwazi kwamba magari yakiingia atamtaja jina kila siku mpaka afe, na Ikupa akasema atakuwa na haki. Hakuna aliyemsindikiza kwenda kwenye gari.

*

Ukumbi wa Baraza mjini Sumbawanga ulijaa kabla ya saa nne asubuhi. Mbele kabisa waliketi watu wa mradi na mafaili yao. Nyuma kabisa, kwa kuwa walichelewa na kwa kuwa mlangoni walisumbuliwa kwa ajili ya miguu yenye vumbi jeupe, walisimama Leokadia na wenzake saba. Edita alikuwa mmoja wa hao saba. Hakumtazama Ikupa.

Ikupa aliapishwa. Karani, kijana wa sheria mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliweka vidole kwenye taipu. Yanayosemwa chini ya kiapo hupigwa chapa katika gazeti la Baraza neno kwa neno. Ndivyo sheria ilivyoandikwa, na Ikupa alijua kwa sababu yeye mwenyewe aliomba kiwekwe kifungu hicho, zamani, alipokuwa akiogopa wakubwa wasije wakazificha namba zake.

Nswila alisoma kwa sauti ya upole. Mbuga ya Kasunta, kwa kigezo maalumu cha utulivu, sitini na nne. Mtambuzi Mkuu, Dkt. Mwasongwe, anathibitisha?

"Sithibitishi."

Ukumbi ulijisogeza kwenye viti. Nswila aliondoa miwani, akamkumbusha taratibu, kama anayemsaidia mgonjwa kushuka ngazi, kwamba bila uthibitisho namba inafutika, na bila namba kifungu cha tisa kinafanya kazi mara moja. Alimwuliza kama anaelewa kwamba anaiacha Kasunta bila ulinzi mbele ya watu wa Kasunta.

Ikupa alisema anaelewa. Akageuka kidogo ili sauti ifike nyuma.

"Chombo changu ni kibovu," alisema. "Hakikuharibika Kasunta. Kilizaliwa hivyo. Nilipima kusisimka, nikakuita uzuri, nikawaambia mkate ardhi kwa hesabu hiyo. Watu walionyamaza mbele ya mahali pao niliwaandika wamechoka. Hakuna kigezo cha kuliponya hili. Sitampa mtu yeyote sitini na nne, wala tisini, wala mia, kwa sababu sina. Sikuwahi kuwa nayo. Hao mnaowauliza wanapenda kiasi gani hawako mnadani."

Mtu wa mradi alisimama akauliza, kwa haki kabisa, ikiwa mashine haifai, nani sasa ataamua. Wenye picha, wenye vitabu, au kila mwenye kelele? Ikupa alijibu kwamba hajui. Alisema itabidi waulizane, na itachukua muda mrefu, na watagombana, na yeye anaona bora wagombane kuliko waendelee kunyamazishwa na mkanda. Kicheko kidogo kilipita mahali fulani katikati ya ukumbi, kisha kikafa.

"Kibovu tangu tarehe gani?" aliuliza Nswila. Sasa sauti yake ilikuwa imekauka. Alikuwa amekwisha kuona swali hilo linakoelekea, na aliliuliza kwa sababu utaratibu ulimlazimu.

"Tangu siku ya kwanza."

"Unafahamu kwamba unafuta leseni yako mwenyewe. Unafahamu kwamba unaweza kushtakiwa kwa kila uamuzi uliotiwa saini yako."

"Nafahamu. Kwa hiyo naomba maamuzi hayo yaingie kwenye kumbukumbu, yote, kwa majina."

Nswila alisema hilo halimo kwenye ajenda. Ikupa alikuwa amekwisha kuanza. Hakuwa na karatasi. Alikuwa amekaa nayo kichwani siku tatu, na hayakuwa majina ya kusahaulika tena.

"Msitu wa Lukanda. Namba ya wenyeji, kumi na nne. Umekatwa wote."

Nswila aliinua mkono, na taa nyekundu ya kipaza sauti ikazimika. Ikupa alipandisha sauti. Hakuwa na sauti ya mhubiri, ilikuwa nyembamba na ilipasuka mwanzoni, lakini ukumbi ulikuwa umetulia kiasi kwamba haikuhitaji kuwa kubwa. Karani alimtazama Mkurugenzi, akatazama kiapo kilichobandikwa ukutani, akarudisha vidole kwenye taipu.

"Mawe Meusi ya Ikozi. Namba ya wenyeji, kumi na sita. Yamepondwa kokoto."

Jina la tatu lilimkwama. Ulikuwa mwaka wa kwanza, kijiji cha wasuka ukindu, aliona nyuso zao kabisa na jina likagoma kutoka. Kutoka kwenye kiti chake, bila kusimama na bila kuombwa, Hizza alisema: Kinamasi cha Mwendakwao, kumi na tatu, kimefukiwa. Kisha akasema kwamba naye alikuwepo, iandikwe.

"Kinamasi cha Mwendakwao," Ikupa alirudia. "Kumi na tatu. Kimefukiwa."

"Dkt. Mwasongwe, kaa chini," alisema Nswila. "Umesikika. Inatosha."

"Bado thelathini na nane," alisema Ikupa, akaendelea.